Hoteli ya Chuo Ibomolewe, Ugomvi Uhamie Kwenye Mkataba

Chuo kikuu kikitangaza kwamba hoteli yake ya zamani inabomolewa, kelele huanza kwa mpangilio ule ule. Wahitimu wanafukua picha za harusi zilizofanyika kwenye ukumbi wa chini. Mtaalamu wa historia ya majengo anaandikia barua baraza la chuo. Kisha msemaji wa chuo anatoa taarifa iliyojaa "dira", "kisasa" na "kitovu cha ubunifu", na papo hapo chuo kinapoteza nusu ya wasikilizaji wake, maana mtu mwenye jambo la kuficha naye huongea hivyo hivyo.

Kwa maoni yangu wanaotaka kubomoa wanaonewa katika mjadala huu, ingawa kwa kiasi kikubwa wamejitakia. Hoja zao nzuri zipo, ila hazimo kwenye taarifa. Ziko ndani ya kuta, kwenye mabomba na kwenye vitabu vya hesabu, mahali ambapo mzazi aliyelala siku mbili za mahafali hafiki. Na huku wapinzani wao wakilipigania jengo, jambo zito kuliko jengo linapita mlango wa nyuma: nani atakuwa na kauli juu ya ardhi ile vumbi likishatua, na kwa miaka mingapi.

Tuanze na jengo lenyewe. Hoteli nyingi zinazogombewa sasa zilijengwa kati ya miaka ya 1950 na 1970, vyuo vilipokuwa vikipanuka haraka na wageni wakiongezeka. Umbo lake linajulikana: korido ndefu katikati, vyumba vidogo huku na huku, ghorofa juu ya ghorofa. Katika ujenzi wa aina hii, mara nyingi ukuta unaotenga chumba na chumba ndio huo huo unaobeba ghorofa za juu. Mtu akisema "si mvunje kuta tu mpate madarasa", anazungumzia kuta ambazo zikivunjwa jengo linashuka. Dari nazo ziko chini, kwa sababu mjenzi wa hoteli alitaka ghorofa nyingi kadiri iwezekanavyo katika kimo kile kile. Maabara inataka nafasi kubwa juu ya dari kwa ajili ya mifereji ya hewa, na nafasi hiyo haipo wala haitengenezeki.

Lakini kinachoua hoteli hizi kwa kweli ni bomba. Bafu za vyumba viwili jirani hugeuziana mgongo, na katikati yake kuna uwazi mwembamba ambao mtu mzima anaingia kwa ubavu. Ndani ya uwazi huo limesimama bomba la majitaka kutoka chini hadi juu ya paa, pamoja na mabomba ya maji ya moto na baridi. Chuma cha miaka 60 hulika kutoka ndani, kwa hiyo ukilitazama kwa nje linaonekana zima hadi siku linapotoboka. Likitoboka ghorofa ya nne, fundi hawezi kubadilisha kipande kile akaenda zake, kwa sababu kipande cha juu yake na cha chini yake vina umri ule ule. Kazi ikifanywa inavyostahili, vigae vya bafu vinavunjwa ghorofa zote, vyumba viwili kila ghorofa. Hoteli ya ghorofa nane inafunga vyumba 16 kwa sababu ya bomba moja, na mabomba ya namna hiyo yamejipanga korido nzima. Na mara nyingi katika majengo ya enzi hiyo gamba linalofunika mabomba, au gundi ya vigae vya sakafuni, lina asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu zikivutwa na pumzi, hivyo kabla ya fundi kugusa chochote lazima aje mkandarasi mwenye kibali, aufunge mlango kwa plastiki na kuitoa kwa masharti yake.

Mtetezi wa hoteli atasema, na yuko sahihi, kwamba asbesto lazima itolewe hata ukibomoa. Tofauti ni kwamba anayebomoa anaitoa mara moja jengo likiwa tupu. Anayekarabati kwa awamu, ghorofa kwa ghorofa, anaitoa huku wageni wakilala ghorofa ya chini yake.

Kisha kuna moto. Novemba 1980 hoteli ya MGM Grand ya Las Vegas iliungua na watu 85 wakafa, wengi wao kwa moshi, wakiwa ghorofa za juu mbali na moto wenyewe. Majanga ya aina hiyo yaliisukuma Marekani kupitisha sheria ya usalama wa moto hotelini mwaka 1990. Sheria hiyo inataka watumishi wa serikali kuu wakiwa safarini walazwe kwenye hoteli zenye ving'amuzi vya moshi na, zikizidi ghorofa tatu, zenye vinyunyizio vya maji vya kuzimia moto. Tena inakataza fedha za serikali kuu kugharimia mkutano au semina mahali pasipotimiza masharti hayo. Kwa hoteli ya kawaida ya mjini hilo ni usumbufu tu. Kwa hoteli ya chuo ni pigo la moyoni, maana makongamano yanayolipiwa na fedha za utafiti ndiyo riziki yake. Na kuvipitisha vinyunyizio kwenye dari zile fupi, ndani ya zege lile, kunarudisha kila kitu nilichokieleza kuhusu mabomba.

Biashara yenyewe pia ina kasoro ya kuzaliwa. Hoteli ya chuo hujaa siku za mahafali, siku za mechi kubwa na wiki ya kupokea wanafunzi wapya, ambapo ingeweza kuuza vyumba mara tatu ya ilivyo navyo. Wanafunzi wakienda likizo, korido zinapoa. Mishahara, umeme na bima havipoi. Mwekezaji wa mjini huziba mapengo hayo kwa kupunguza bei, kuvuta vikundi vya watalii na kufunga baadhi ya ghorofa. Chuo, chenye kamati tatu juu ya kila uamuzi, kinafanya hivyo kwa kuchelewa au hakifanyi kabisa.

Kuna mfano mmoja ambao ningependa kila mtetezi wa hoteli za vyuo autafakari. Chuo Kikuu cha Cornell kilianza kufundisha uendeshaji wa hoteli mwaka 1922, na mwaka 1950 kikafungua nyumba ya wageni ya Statler katikati ya kampasi, wanafunzi wajifunzie humo. Kama kuna taasisi iliyojua jinsi ya kuitunza hoteli kuukuu, iliyokuwa na walimu wa kuikagua na wanafunzi wa kuihudumia, ni hiyo. Haikufika hata miaka 40. Nyumba ile ya awali iliondolewa, na hoteli mpya yenye takriban vyumba 150 ikafunguliwa 1989 mahali pale pale. Wataalamu wa hoteli, kwenye hoteli yao wenyewe, waliamua kuanza upya.

Mfano wa upande wa pili upo, tena ni mzuri. Mwaka 1924 mfanyabiashara John Sprunt Hill alijenga Carolina Inn pembeni ya Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill, na mwaka 1935 akakikabidhi chuo kama zawadi, akiagiza faida yake isaidie maktaba, hasa mkusanyo wa vitabu na nyaraka za historia ya jimbo. Hoteli hiyo ipo hadi leo. Hapo kila mgeni anayelipia chumba anachangia rafu ya vitabu, na haihitajiki dira wala kitovu cha ubunifu kuieleza. Ila tuangalie kilichoinusuru. Ilijengwa vizuri tangu mwanzo, na aliyeitoa aliandika mapato yake yaende wapi. Hoteli nyingi zinazobomolewa leo hazikupata bahati hiyo ya kwanza wala ya pili. Zilijengwa haraka, na mapato yake yamekuwa yakimezwa na mfuko mkuu wa chuo bila mtu kujua yanafanya nini.

Hoja nzito kuliko zote ya wanaopinga ni ya kaboni, na sitaipuuza. Uzalishaji wa saruji peke yake unachangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu duniani. Zege lililosimama tayari limeshalipiwa gharama hiyo. Ukilivunja, umeitupa, na kwa jengo jipya unalipa upya. Utafiti wa mwaka 2011 uliofanywa chini ya National Trust for Historic Preservation, shirika la Marekani la kuhifadhi majengo ya kihistoria, ulikadiria kwamba jengo jipya, hata likiwa bahili sana wa umeme, huchukua kati ya miaka 10 na 80 kufidia madhara ya kujengwa kwake, kutegemea aina ya jengo na mahali lilipo. Chuo kinachojitangaza kuwa rafiki wa mazingira, kisha kikavunja ghorofa nane za zege bila kutaja namba hiyo hata mara moja, kinastahili kusemwa.

Hata hivyo, kutoka miaka 10 hadi 80 ni masafa marefu. Jibu linategemea kitakachojengwa. Hoteli ya vyumba 120 yenye uwanja wa magari ulio mkubwa kuliko yenyewe, ikiondolewa na mahali pake pakapatikana mabweni ya wanafunzi 1,000 wanaotembea kwa miguu kwenda darasani, magari yanayoachwa yanaingia kwenye hesabu. Ikiondolewa ili ijengwe hoteli nyingine ya vyumba 150 yenye sakafu ya marumaru, basi mwanamazingira ameshinda na mimi niko upande wake. Tena uwanja wa magari mara nyingi ndio sehemu kubwa ya ardhi inayogombewa. Ukitazama kutoka angani utaona hoteli ni kipande kidogo pembeni, na lami imekula kilichobaki. Anayelia kwa ajili ya jengo anasahau kwamba lami nayo ilibomoa kitu.

Chuo Kikuu cha Virginia kilipitia njia hii. Hoteli yake ya Cavalier Inn, iliyokuwa kwenye makutano yanayoingia kampasi, ilifungwa na kubomolewa mwaka 2018 ili kufungua eneo la barabara za Emmet na Ivy. Jengo la shule ya sayansi ya data lilifunguliwa hapo 2024, na hoteli mpya yenye kituo cha mikutano ilipangwa kufuata. Sijaona mtu akiandika tenzi za kuomboleza Cavalier Inn. Lakini ukihesabu kuanzia kubomolewa hadi kufunguliwa kwa jengo la kwanza ni kama miaka sita, janga la korona likiwa limepita katikati, na hapo tayari kuna swali la kiwanja kukaa kitupu, nitakalolirudia mbele kidogo.

Kabla ya hapo twende Seattle, kwa sababu pale pande zote mbili zinapata ushahidi kwenye kiwanja kimoja. Chuo Kikuu cha Washington kilianzia mwaka 1861 kwenye kilima cha ekari kama kumi, Arthur Denny akiwa ndiye mtoaji mkubwa wa ardhi hiyo. Mwaka 1895 chuo kilihamia kampasi ya sasa na kuiacha ile ya zamani ikizungukwa na mji unaokua. Kulikuwa na mawazo ya kuiuza. Bahati nzuri haikuuzwa, na leo ekari hizo ziko katikati kabisa ya jiji, chuo bado ndicho mwenye ardhi. Mwaka 1907 kampuni ya Metropolitan Building ilishika mkataba wa upangaji uliofikia mwisho 1954, ikajenga maofisi, na mwaka 1924 ikafunguliwa hapo Hoteli ya Olympic, sehemu ya fedha zake zikiwa zimetoka kwa wananchi wa Seattle walionunua hati fungani.

Miaka ya 1970 ndipo vita vilipoanza. Majengo ya White, Henry na Stuart, yaliyosimama tangu mwanzoni mwa karne ya 20, yalibomolewa. Mahali pake pakasimama mnara wa Rainier uliochorwa na Minoru Yamasaki, ule unaosimama juu ya kitako chembamba, pamoja na jengo fupi la maduka pembeni yake. Hoteli ya Olympic nayo iliingia kwenye orodha ya hatari. Wenyeji wakapiga kelele, hoteli ikaandikishwa kwenye rejista ya kitaifa ya mahali pa kihistoria mwaka 1979, na mwaka 1982 ikafunguliwa upya baada ya ukarabati mkubwa.

Watetezi wa majengo hupenda kuitaja Olympic, na wana haki. Ni hoteli nzuri, inaingiza mapato, na jiji lingekuwa maskini bila yake. Lakini huwa wanaruka kipande kimoja cha habari: vyumba zaidi ya 700 viligeuzwa kuwa takriban 450. Kilichookolewa ni sura ya nje na kumbi za chini zenye mbao na madirisha makubwa. Kule juu kuta zilivunjwa na vyumba vikapangwa upya, kwa makumi ya mamilioni ya dola. Hoteli iliyojengwa kwa fahari ya jiji zima mwaka 1924 ilistahili gharama hiyo. Hoteli ya zege iliyojengwa kwa bajeti ya kubana mwaka 1966, yenye mapokezi ya mbao za kubandika, haitapata mwekezaji wa kuifanyia hivyo, na chuo kikijifanyia chenyewe kitazitoa fedha hizo kwenye ada.

Nao wabomoaji wana aibu yao kwenye kiwanja kile kile. Jengo fupi la maduka lililochukua nafasi ya yale ya zamani lilivunjwa mwaka 2017. Halikufika miaka 45. Yale yaliyobomolewa kulipisha yalikuwa yamedumu zaidi yake. Sasa pamesimama mnara wa ghorofa 58 uliokamilika 2020. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama kubomoa daima ni kwenda mbele, nitamwonyesha kiwanja hicho.

Ila ona jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Chuo kiliweza kuamua yote hayo, mabaya kwa mazuri, kwa sababu ardhi ilikuwa bado yake na mikataba ilikuwa na mwisho ambao mtu aliye hai angeweza kuuona. Mwaka 1954 mkataba mkuu ulipoisha, chuo kilikaa mezani upya na mpangaji mpya. Mtoto aliyezaliwa mkataba ukianza alikuwa bado hajastaafu.

Sasa linganisha na miaka 99, namba inayopendwa na wawekezaji kila mahali, ambayo wajumbe wa mabaraza huipitisha kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Chukua kodi ya pango isiyobadilika. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 3 tu kwa mwaka, nguvu ya kodi hiyo inafika nusu kabla ya mwaka wa 24. Mwaka wa 50 imebaki chini ya robo. Mwaka wa 99 imebaki kama sehemu moja ya 19. Chuo kitakuwa kinapokea hundi ile ile, yenye tarakimu zile zile, na mhasibu wa kizazi cha nne hataelewa babu zake walikuwa wanafikiria nini.

Mwekezaji akibanwa hapo anatoa karata yake nzuri: mwisho wa mkataba jengo lote ni lenu, bure. Tupime zawadi hiyo. Jengo la thamani ya milioni 100 litakalorudi baada ya miaka 99, ukilipima kwa riba ya asilimia 5, leo thamani yake ni takriban laki nane, yaani kiasi ambacho kikiwekwa leo kwa riba hiyo kitafika milioni 100 mwaka wa 99. Haifiki hata milioni moja. Jengo hilo hilo likirudi baada ya miaka 50, thamani yake ya leo ni kama milioni 8.7. Kupunguza muda kwa nusu kumeizidisha zawadi karibu mara 11. Na hesabu hii ni ya ukarimu, kwa sababu imechukulia kwamba jengo litarudi likiwa bado na thamani ile ile. Mpangaji ambaye amebakiza miaka kumi kwenye mkataba habadilishi mabomba. Kitakachokabidhiwa kwa chuo mwaka wa 99 ni hoteli kuukuu yenye bomba lililolika ndani ya ukuta, na barua mpya za wahitimu wakitaka isibomolewe.

Hesabu hii nimeifanya mara nyingi kuliko inavyofaa, nikibadilisha riba, nikiongeza na kupunguza mfumuko. Namba zinasogea, lakini haijatokea hata mara moja ambapo miaka 99 ya kodi isiyobadilika imekuwa biashara nzuri kwa mwenye ardhi.

Vyuo vikubwa vimejifunza hili kwa gharama. Hati ya kuanzishwa kwa Stanford ya mwaka 1885 inakataza kuuza ardhi ambayo waanzilishi walikipa chuo. Chuo kikawa na maelfu ya ekari na fedha kidogo. Mwaka 1951 kikaanza kukodisha viwanja vya viwanda, mpangaji wa kwanza akiwa kampuni ya Varian Associates. Mikataba ya mwanzo ilikuwa ya miaka 99, kodi ikilipwa yote mapema. Baada ya muda wakuu wa chuo waliona thamani ya eneo ikipaa huku wao wameshakula fedha, na muda wa mikataba iliyofuata ukashushwa hadi kama miaka 51.

Columbia kule New York ilikuwa na shamba la bustani ya mimea ililopewa na jimbo mwaka 1814. Mwaka 1928 ilimkodisha tajiri John D. Rockefeller wa pili, na juu yake pakainuka minara ya Rockefeller Center. Mwaka 1985 chuo kiliiuza ardhi yenyewe kwa dola milioni 400, kwa sababu kodi kilichokuwa kikipata ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na thamani ya mahali pale, na mkataba haukukiachia nafasi ya kuipandisha inavyostahili. Wapo wanaosifu mauzo hayo, kwamba fedha zilizaa zaidi kwenye mfuko wa wakfu. Huenda. Ila ukiwa na ardhi katikati ya Manhattan na njia pekee ya kunufaika nayo ni kuiuza, mkataba ndio uliokufikisha hapo. Wahenga walishasema, kupanda mchongoma kushuka ndio ngoma.

Ndiyo maana naona ajabu watu wakijifunga minyororo mlangoni mwa hoteli huku mkataba wa kurasa 200 ukipita kwenye kamati ya fedha bila hata mwanafunzi mmoja kuuomba. Mambo ya kuuliza si mengi na hayahitaji uanasheria. Kodi inapitiwa upya kila baada ya miaka mingapi, na kwa kipimo gani, cha bei za sokoni au cha thamani ya ardhi? Sehemu ya chuo inahesabiwa kwenye mapato ghafi au kwenye faida? Faida ni kitu laini: mwekezaji anayejilipa ada ya usimamizi kupitia kampuni yake nyingine anaweza kuonyesha hasara miaka 20 mfululizo huku vyumba vimejaa. Je, mpangaji anaweza kumuuzia mtu mwingine mkataba bila ridhaa ya chuo?

La hatari kuliko yote ni rehani. Mwekezaji hujenga kwa mkopo, na benki huomba ardhi ya chuo isimame nyuma ya mkopo huo. Kifungu hicho huandikwa kwa lugha ya kuchosha, na maana yake ni kwamba mwekezaji akishindwa kulipa, benki inaweza kuichukua ardhi, siyo jengo peke yake. Chuo kinachokubali kimeweka kampasi yake mezani kwa ajili ya deni la mtu mwingine. Benki inaweza kukopesha kwa dhamana ya jengo na ya haki ya upangaji tu. Itatoza riba kubwa kidogo, mwekezaji atanung'unika, na mazungumzo yataendelea.

Mpangilio wa kazi nao una uzito. Greda likitangulia fedha, chuo kinajiweka katika hali ya kuomba. Mtaa mmoja katikati ya Chicago, unaoitwa Block 37, ulisafishwa mwaka 1989 kwa ahadi ya minara, ukakaa mtupu kwa miaka mingi hadi ukawa na kiwanja cha kuteleza kwenye barafu, na jengo la maduka lilifunguliwa hapo karibu miaka 20 baadaye. Ule haukuwa wa chuo, na jiji lina mitaa mingine. Chuo chenye shimo lililozungushiwa mabati mlangoni mwake hukubali masharti ambayo mwaka mmoja kabla kingeyakataa, kwa kuwa kila mtu anayepita anauliza lini mtajenga.

Wafanyakazi wa hoteli sijawasahau, ingawa nafasi yao huwa ndogo kwenye mijadala hii. Wahudumu wa vyumba waliokaa miaka 25 hawana cha kufanya na mkataba wa miaka 51. Chuo ni mwajiri mkubwa na kina mabweni, kumbi na majiko mengine. Kuwahamishia huko, muda wao wa utumishi ukihesabiwa bila kukatwa, ni gharama ndogo kwenye mradi wa ukubwa huu na inaweza kuandikwa kwenye azimio lile lile la kubomoa.

Mabaraza mengi ya vyuo yana mwakilishi wa wanafunzi na wa wafanyakazi. Wawili hao wakiomba barua ya benki inayothibitisha kwamba fedha zipo, ratiba ya ujenzi na kifungu cha rehani visomwe kwa sauti kabla kura haijapigwa, mwenyekiti atapata shida kuwakatalia, na kumbukumbu za kikao zitabaki zimeandika nani alitaka kujua na nani hakutaka.